Gitaa Kavu Mbele ya Umati

Pikapu ninayokusudia kuizungumzia hapa haina magurudumu, wala haibebi magunia ya mahindi. Nalisema hilo mapema kwa sababu mwaka 1994, nilipomwambia mke wangu kwamba mchango wa walimu nimeununulia pikapu, alishika kichwa kwa mikono miwili. Nilipoitoa mfukoni, kidude cheusi chenye urefu wa kidole na waya mrefu kama mkia, alicheka hadi akatokwa na machozi. Wiki moja baadaye sikuwa na la kuchekea.

Kwa wasioijua, pikapu ni kifaa kinachodaka mtetemo wa gitaa na kuugeuza kuwa umeme mdogo. Umeme huo hupelekwa kwenye amplifaya ukakuzwa, kisha hutoka kwenye spika ukiwa sauti. Gitaa la umeme huzaliwa na pikapu yake. Gitaa kavu, yaani lile la sanduku la mbao lenye tundu kifuani, aghalabu halina. Anayetaka lisikike mbele ya umati hana budi kulitafutia. Hapo ndipo penye kazi, kwani pikapu si za aina moja, na kila aina ina sikio lake.

Wakati huo nilikuwa mwalimu mkuu. Tuliyekuwa tukijiandaa kumuaga ni mwalimu mwenzetu aliyekuwa ametimiza miaka 55, umri wa kustaafu wa siku zile. Kwangu mimi alikuwa zaidi ya mwenzetu. Mwaka 1961, mwaka wa Uhuru wa Tanganyika, ndiye aliyenifundisha darasa la nne. Maisha yakageuka nikawa mkubwa wake kazini, lakini kila asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo, Mwalimu," naye akaitikia, "Marahaba, Mkuu," na wote wawili tuliona ndivyo ipasavyo.

Alikuwa na gitaa kavu aliloachiwa na padre mmoja aliyerejea kwao Ulaya. Kwa gitaa hilo alitufundisha majina ya mito, miezi ya mwaka na hesabu za kuzidisha. Hadi leo, saba mara nane huniijia kwanza kwa mlio wa uzi wa besi, ndipo jibu lifuate. Kamati ya sherehe ikaamua kwamba siku ya kumuaga asiimbiwe na kwaya wala bendi ya kukodi. Apige mwenyewe, na kila aliyepita mikononi mwake asikie. Shule haikuwa na umeme, kwa hiyo tukakodi jenereta na vyombo. Kilichobaki kilikuwa ni namna ya kuliunganisha gitaa na vyombo hivyo, na kwa kuwa nilikuwa na safari ya Dar es Salaam, nikatwikwa jukumu hilo.

Muuza duka aliniuliza, "Ni gitaa kavu?" Nikajibu ndiyo. Akasema, "Basi chukua hii, unaibana kwenye tundu tu." Hakuniuliza neno jingine, nami sikuuliza.

Siku ilipofika, watu walijaa hadi nje ya madirisha. Mwalimu alikaa kwenye kiti, akaliweka gitaa pajani, akapiga. Kwenye spika hakukutoka kitu ila mvumo wa jenereta. Fundi mitambo alipanda, akakagua waya, akagonga pikapu kwa ufunguo wake. Spika zikajibu kwa kishindo. Pikapu ilikuwa nzima. Akagusa uzi mmoja mmoja, kimya. Ndipo akainama akanong'ona, "Mzee, hizi nyuzi ni za nailoni. Kifaa hiki ni cha nyuzi za chuma." Wakajaribu kusogeza maikrofoni ya risala karibu na tundu la gitaa, lakini spika zilikuwa nyuma ya kiti chake, zikaanza kupiga mluzi mkali hata watoto wakaziba masikio. Mwisho Mwalimu aliwaashiria wazime kila kitu, akapiga hivyo hivyo. Safu tatu za mbele zilitulia. Wa nyuma, kwa kuwa hawakusikia kitu, walianza kuongea. Na kabla hajamaliza wimbo wa pili mtu fulani aliweka kaseti.

Nilimwomba radhi jioni ile. Akaniambia, "Usijali, Mkuu. Walio karibu wamesikia." Alifariki mwaka 1996, bila kupanda tena jukwaani.

Nimeishi na maneno hayo muda mrefu. Nilipostaafu nikapata nafasi ya kusoma kwa utulivu, nikataka nijue hasa kosa langu lilikuwa wapi. Kumbe nilijikwaa kwenye jiwe ambalo mafundi na wanamuziki wa dunia wamekuwa wakijikwaa tangu miaka ya 1920.

Gitaa kwa asili ni chombo cha sebuleni. Uzi peke yake hauna sauti ya maana. Unachofanya ni kuutikisa ubao wa mbele, nao ubao husukuma hewa. Nguvu yenyewe ni ile ya kidole, na kidole hakiwezi kushindana na tarumbeta wala ngoma. Bendi za dansi zilipokua huko Marekani, wapiga gitaa waligeuka mapambo: walionekana wakipiga, hawakusikika. Mafundi walijaribu kwanza kutibu ugonjwa huo kwa mbao na chuma. Waliweka nyuzi za chuma mahali pa zile za utumbo wa wanyama, wakapanua sanduku, na mwaka 1927 wengine wakaanza kuuza magitaa ya bati yenye visahani vya alumini ndani yake. Sauti iliongezeka, lakini si ya kutosha.

Jibu la umeme lilitoka kwa mpiga gitaa aitwaye George Beauchamp wa Los Angeles. Mwaka 1931 alikamilisha pikapu ya sumaku, na mwaka 1932 yeye na Adolph Rickenbacker wakaanza kuuza gitaa dogo la alumini la kupakatwa pajani, ambalo kwa umbo lake watu waliliita kikaango. Siri ya kifaa hicho ni nyepesi kueleza. Sumaku huwekwa karibu na nyuzi, na karibu yake kuna waya mwembamba uliozungushwa mara maelfu. Uzi wa chuma unapotikisika huchezesha nguvu ya sumaku, na kuchezeshwa huko huzaa umeme kwenye waya. Kampuni ya Gibson ikafuata mwaka 1936 na gitaa la ES-150, na kijana Charlie Christian akalitumia katika kundi la Benny Goodman kuanzia mwaka 1939. Kwa mara ya kwanza watu wengi walisikia gitaa likisimama mbele ya bendi na kusimulia kama saksofoni. Christian alifariki mwaka 1942 akiwa na umri wa miaka 25 tu, lakini mlango alikwisha kuufungua.

Sasa tuangalie sikio la sumaku lina tabia gani. Linasikia chuma, basi. Halisikii mbao, halisikii hewa ya ndani ya sanduku, halisikii kidole kikigonga ubao. Uzi wa nailoni kwake ni kama haupo. Na hata zile besi za gitaa la nailoni, ambazo kwa macho zinaonekana za chuma, zimezungushiwa shaba ambayo sumaku haijali. Hapo ndipo Mwalimu wangu alipopotelea. Hata kwenye gitaa la nyuzi za chuma sumaku ina upendeleo, kwani nyuzi nene zilizozungushiwa shaba huisikia kidogo kuliko zile nyembamba zilizo chuma kitupu, na mpigaji akashangaa uzi wa pili unapiga kelele kuliko wenzake.

Pamoja na hayo, sumaku ilisaidia wengi waliokuwa na magitaa kavu. Katika miaka ya 1930 Harry DeArmond wa jimbo la Ohio alitengeneza pikapu ambayo mtu angeweza kuifunga kwenye gitaa alilonalo bila kununua jipya. Lightnin' Hopkins, mwimbaji wa bluzi wa Texas, alijulikana kwa gitaa kavu lenye pikapu ya namna hiyo tunduni, na mlio wake mkavu na mkali ukawa alama yake. Huko Ufaransa, Django Reinhardt, aliyepiga kwa vidole viwili baada ya mkono wake wa kushoto kuungua, alikwenda Marekani mwaka 1946 kuzunguka na Duke Ellington, akapiga gitaa la umeme. Aliporudi alifunga pikapu ya sumaku kwenye gitaa lake kavu. Wapenzi wake wamegawanyika hadi leo: wapo wanaosema alipata sauti mpya, na wapo wanaosema alipoteza ya kwanza. Nadhani wote wana haki.

Tatizo la pili, lile la mluzi, nalo lina kisa chake. Sanduku la gitaa limeumbwa litikisike kwa urahisi. Ndiyo uhai wake. Lakini hewa haibagui. Sauti ya spika ikilifikia sanduku, hulitikisa vilevile. Pikapu ikadaka mtetemo huo, ikaupeleka tena kwenye spika, nayo ikarudisha kwa nguvu zaidi, mpaka mzunguko ule ukawa mvumo au mluzi. Mwaka 1954 Gibson walitoa gitaa kavu lenye pikapu ya sumaku ndani yake, J-160E, na ili kupunguza mvumo wakatumia ubao wa mbele wa tabaka zilizogundishwa, mgumu kutikisika. Tazama bei iliyolipwa: ili lisikike kwa umeme, liliondolewa sehemu ya sauti yake ya mkono. John Lennon na George Harrison walinunua magitaa ya aina hiyo mwaka 1962, na mvumo wa gitaa la Lennon ndio unaofungua wimbo wao wa mwaka 1964, "I Feel Fine". Kilichokuwa ajali kwa wengine, wao walikifanya pambo. Sisi shuleni hatukuwa na bahati hiyo.

Njia ya tatu ni maikrofoni, nayo kwa uaminifu inazishinda zote. Mwaka 1952 Hugh Tracey alipomrekodi Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, mji unaoitwa sasa Likasi, Kongo, hakukuwa na pikapu yoyote: gitaa kavu, sauti ya mtu na maikrofoni. Ukisikiliza rekodi zile leo unasikia kidole gumba kikitembea kwenye besi na kidole cha shahada kikijibu juu, kana kwamba watu wawili wanapiga. Hapa Afrika Mashariki tulizisikia na wengi wakajaribu kuziiga. Lakini kurekodi si jukwaa. Maikrofoni husikia kila kitu, pamoja na spika iliyo nyuma ya kiti, ngoma ya jirani na kikohozi cha mgeni rasmi. Tena mpigaji lazima atulie kama anayepigwa picha. Akisogea kiganja kimoja tu, sauti inabadilika. Kwa mtu mmoja mbele ya watu watulivu, hakuna kifaa kilicho bora zaidi. Kwa bendi yenye ngoma, ni kutafuta mluzi.

Ndiyo maana njia ya nne ilipopatikana ilienea upesi. Chanzo chake ni cha zamani. Mwaka 1880 ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba fuwele za aina fulani, kama quartz, zikibanwa hutoa umeme. Wataalamu huiita hali hiyo piezo. Gitaa nalo lina mahali pa kubanwa: kile kipande chembamba cha mfupa au plastiki ambacho nyuzi hukilalia kwenye daraja. Weka piezo chini yake, na kila mtetemo wa uzi utakuwa mbano, na kila mbano utakuwa umeme. Sumaku haihitajiki, kwa hiyo nailoni na chuma ni mamoja.

Aliyeifanya ipendwe ni Charles Kaman, mhandisi wa helikopta wa jimbo la Connecticut ambaye pia alipiga gitaa. Katika helikopta mtetemo ni adui, na yeye alitumia miaka mingi kuusoma. Mwaka 1966 kampuni yake ilianza kuuza magitaa ya Ovation yenye mgongo wa duara, mfano wa bakuli, yaliyotengenezwa kwa nyuzinyuzi za kioo badala ya mbao. Muda mfupi baadaye yakawekewa piezo darajani, na Glen Campbell akayaonyesha kwenye kipindi chake cha televisheni. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Takamine wa Japani wakaleta piezo yao, na mwaka 1981 Larry Fishman akaanzisha kampuni ya pikapu huko Massachusetts. Tangu hapo magitaa kavu mengi yamekuwa yakitoka kiwandani na piezo na kisanduku cha vitufe ubavuni.

Hata hivyo piezo nayo si malaika. Inasikia mbano wa uzi upesi mno, kabla mbao hazijapata nafasi ya kusema neno lao. Ukipiga taratibu inapendeza. Ukipiga kwa nguvu inatoa mlio wa plastiki, kama bata. Tena umeme wake ni mnyonge, hauwezi kusafiri kwenye waya mrefu bila kupitishwa kwanza kwenye kikuzaji kidogo, ambacho aghalabu hutumia betri ya volti 9. Betri ikifa katikati ya wimbo, gitaa nalo hufa.

Kichekesho cha historia hii kilikuja mwaka 1989, kituo cha televisheni cha MTV kilipoanzisha kipindi kiitwacho Unplugged, maana yake kutochomekwa kwenye umeme. Wanamuziki wakubwa waliketi na magitaa kavu, na dunia ikaona wamerudi kwenye usafi wa zamani. Ukweli ni kwamba walichomeka. Gitaa alilotumia Kurt Cobain wa kundi la Nirvana mwezi Novemba 1993 lilikuwa Martin D-18E la mwaka 1959, lililowekwa pikapu za sumaku tangu kiwandani, naye akaongeza nyingine tunduni na kulipitisha kwenye amplifaya. Mwaka 2020 liliuzwa kwa mnada kwa zaidi ya dola milioni 6. Simlaumu. Nalieleza ili msomaji aone kwamba hata sauti tunayoiita ya asili, tukiipeleka kwa watu wengi, kuna kifaa katikati kilichochagua cha kuchukua na cha kuacha.

Basi mtu achague vipi? Nitasema kama mwalimu, kwa mpangilio ambao ningetamani muuza duka angenipa.

Kwanza angalia nyuzi. Zikiwa za nailoni, sahau sumaku. Pili, jiulize utapiga na nani. Ukiwa na ngoma na gitaa la besi, sumaku ya tunduni au piezo ya darajani itakufaa kwa sababu hazishikwi na mluzi upesi. Hapo watu hawahitaji kusikia mbao, wanahitaji kufuata nota. Ukiwa peke yako au na mwimbaji mmoja, tumia maikrofoni, au vile vidonge vya piezo vinavyogundishwa kwenye ubao wenyewe karibu na daraja. Vidonge hivyo husikia sanduku zima, hata mgongo wa kidole ukipita. Kwa sababu hiyo hiyo huvuma upesi, hivyo visipelekwe kwenye kelele. Wenye uwezo huchanganya: sumaku au piezo kwa nguvu, maikrofoni ndogo kwa uhai.

Tatu, fikiri kabla ya kutoboa. Pikapu nyingi za kudumu hudai tundu kitakoni mwa gitaa kwa ajili ya waya, na piezo ya darajani huenda ikadai kupunguzwa kwa kile kipande cha mfupa. Gitaa jipya la kiwandani halitalia. Gitaa la marehemu halirudishiki likishaharibiwa. Nne, usiweke spika nyuma ya mpigaji. Ziweke mbele yake, zikitazama watu. Mluzi ukiendelea, ziba tundu la gitaa kwa kifuniko cha mpira, na umwombe fundi apunguze besi kidogo, maana ndipo sanduku linapovumia. La mwisho ndilo kubwa: jaribuni siku moja kabla. Sisi hatukujaribu. Dakika tano za jana yake zingetosha kugundua kila kitu.

Miaka michache iliyopita shule ile iliadhimisha kuanzishwa kwake, na binti wa Mwalimu, ambaye naye ni mwalimu, akaniomba ushauri. Gitaa la padre analo yeye, na nyuzi bado ni za nailoni. Fundi mmoja kijana alishauri tutoboe tuweke piezo ya kudumu. Nilikataa, nikamwomba binti anisamehe kwa ukaidi wa kizee. Tukachukua vidonge viwili vya kugundisha. Mchana kutwa siku moja kabla ya sherehe, ukumbi ukiwa mtupu, tulikaa tukivihamisha: tukivisogeza darajani mlio unakuwa mkali, tukivipeleka pembeni unakuwa mzito, upana wa kidole ukibadilisha kila kitu. Spika tuliziweka mbele, na besi tukaipunguza.

Siku yenyewe niliacha kiti nilichotengewa mbele, nikaenda safu ya mwisho karibu na mlango, pale ambapo mwaka 1994 watu waliongea kwa kutosikia. Alipiga nyimbo mbili za baba yake. Zilinifikia nikiwa kule nyuma, pamoja na kidole kikiteleza kwenye uzi, na kidole gumba kikigonga ubao kama alivyogonga Mwalimu alipotaka darasa litulie. Vijana waliokaa karibu nami hawakumjua Mwalimu, lakini walinyamaza.

Baadaye binti alinifuata. "Mwalimu, huku nyuma mmesikia?" Nikamwambia tumesikia. Nikamwambia pia kwamba katika wimbo wa pili besi ilizidi kidogo, maana kazi hii mtu hastaafu kabisa.